Mji uliomlilia kocha wake

Muhula uliopita, asubuhi ya Jumatatu, niliingia katika ukumbi wa mihadhara kufundisha mofolojia ya Kiswahili nikawakuta wanafunzi wangu wamenuna kana kwamba wamefiwa. Nilipodadisi, niliambiwa kuwa klabu moja ya Uingereza, inayoshabikiwa na karibu nusu ya darasa, ilikuwa imempiga kalamu kocha wake jana yake jioni. Kijana mmoja aliyevalia jezi ya klabu hiyo ndani ya koti alitaka kujua ni nani aliyeulizwa kabla ya uamuzi huo kupitishwa. Yeye hakuulizwa. Hajapata kukanyaga Uingereza, wala hana hisa hata moja katika klabu hiyo, lakini alishikilia kwamba klabu ni yake. Wenzake wawili walimcheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lake liliwahi kuulizwa na mji mzima, mwaka wa 1973, na mji huo haukujibiwa.

Mji wenyewe ni Derby, katikati ya Uingereza, na aliyeliliwa ni Brian Clough.

Clough alizaliwa Machi 21, 1935, huko Middlesbrough, mji wa viwanda vya chuma kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Walizaliwa watoto tisa katika nyumba yao. Babake alifanya kazi katika kiwanda cha peremende, na mamake aliitawala nyumba hiyo kwa usafi na nidhamu iliyomkaa mwanawe moyoni maisha yake yote. Walimu wenzangu watapenda kujua kwamba mtoto huyu alianguka ule mtihani waliofanya watoto wa Uingereza wakifika umri wa miaka kumi na mmoja, mtihani uliotenganisha waliokwenda shule za wasomi na waliobaki nje. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na mitano bila cheti chochote. Hata hivyo, miongo miwili baadaye hapakuwa na mtu katika mchezo wa kandanda wa Uingereza aliyeweza kumshinda kwa ulimi. Mimi ambaye riziki yangu ni lugha huwakumbusha wanafunzi jambo hili kila wanapodhani kwamba ufasaha hutolewa na mtihani.

Akiwa mchezaji alikuwa mshambulizi wa kutisha. Aliifungia Middlesbrough mabao 197 katika mechi 213 za ligi, kisha akahamia Sunderland mwaka wa 1961, akafunga mengine 54 katika mechi 61. Timu ya taifa ilimwita mara mbili tu, mwaka wa 1959. Halafu, Desemba 26, 1962, katika uwanja ulioganda kwa baridi, aligongana na kipa wa Bury, na kano za goti lake zikakatika. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Alijaribu kurejea uwanjani, lakini goti lilikataa. Nadhani mtu hawezi kumwelewa Clough bila ya goti hilo. Tangu siku hiyo alifanya kazi kama mtu aliyedhulumiwa mali yake na ambaye ameapa kuikomboa kwa riba.

Mwaka wa 1965, akiwa na umri wa miaka thelathini, aliteuliwa meneja wa Hartlepools United, klabu fukara iliyokuwa ikikokota mkia katika daraja la nne. Alimwita rafiki yake, Peter Taylor, aliyekuwa kipa walipokuwa wote Middlesbrough, awe msaidizi wake. Taylor alikuwa na jicho la kutambua mchezaji; Clough alikuwa na kinywa cha kumfanya mchezaji huyo aamini kwamba anaweza. Klabu haikuwa na fedha, kwa hiyo Clough alijipatia leseni ya kuendesha basi la timu. Huko Hartlepools pia ndiko kulikotokea jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilimpotosha baadaye. Mwenyekiti wa klabu alitaka kumfuta Taylor, kisha akataka kumfuta Clough mwenyewe. Clough alikataa katakata kuondoka, wakurugenzi wengine wakasimama upande wake, na aliyeondoka akawa mwenyekiti. Kijana akajifunza kwamba ukiwakazia macho wakubwa, watainamisha vichwa.

Mwaka wa 1967 wawili hao walihamia Derby County, iliyokuwa daraja la pili. Waliwaondoa wachezaji wengi wakasajili wapya, akiwemo mlinzi chipukizi Roy McFarland na, mwaka uliofuata, mkongwe wa Tottenham, Dave Mackay, aliyedhaniwa kuwa amekwisha. Naomba msomaji alihifadhi jina hilo la Mackay, maana tutalirudia. Mwaka wa 1969 Derby ilitwaa ubingwa wa daraja la pili ikapanda. Mwaka wa 1972 ikawa bingwa wa Uingereza kwa mara ya kwanza katika historia yake, kwa alama 58, ilhali timu tatu nyuma yake zilikuwa na 57 kila moja. Ubingwa wenyewe ulikuja kwa njia ya ajabu. Derby ilikuwa imemaliza mechi zake zote. Wachezaji walikuwa likizoni na Taylor katika kisiwa cha Majorca, naye Clough alikuwa visiwani Scilly pamoja na jamaa yake. Wapinzani wao wawili waliokuwa na mechi moja zaidi waliteleza usiku mmoja, Leeds ikashindwa na Liverpool ikatoka sare. Msimu uliofuata Derby ilifika nusu fainali ya Kombe la Ulaya, ikatolewa na Juventus.

Ili tuielewe huba ya watu wa Derby, yafaa tukumbuke mji huo ulikuwa katika hali gani. Ulikuwa mji wa mafundi wa reli na wa kampuni ya Rolls-Royce iliyotengeneza injini za ndege. Februari 1971 kampuni hiyo ilifilisika ikabidi serikali iingilie kati kuiokoa, na maelfu ya familia wakalala bila kujua kama kesho kutakuwa na unga. Mwaka mmoja baadaye mji huohuo ulikuwa ukiwaangalia mabingwa wa Uingereza wakicheza katika uwanja wao mkuukuu, uliozungukwa na nyumba za wafanyakazi. Mtu aliyewaletea jambo hilo katika kipindi kama kile hawakumwona kuwa mwajiriwa. Walimwona kuwa wao.

Lakini kinywa kilichokuwa kimewapandisha wachezaji kilikuwa pia kikiwachoma wengine. Clough alikuwa akionekana katika televisheni, akiandika magazetini, akiwakosoa wasimamizi wa kandanda, makocha wenzake, na klabu ya Leeds ambayo aliishutumu kwa uchezaji mchafu. Mwenyekiti wa Derby, Sam Longson, mzee aliyetajirika kwa biashara ya malori, ambaye hapo awali alimpenda kocha wake kama mwana, alianza kuona haya mbele ya wenyeviti wenzake. Alimtaka apunguze maneno na aachane na televisheni. Isitoshe, uhusiano wa Taylor na baadhi ya wakurugenzi ulikuwa umeingia baridi. Katikati ya Oktoba 1973, siku chache tu baada ya Derby kuishinda Manchester United nyumbani kwake Old Trafford, Clough na Taylor waliandika barua za kujiuzulu. Bodi ikazikubali.

Hapa naomba radhi nitoke kidogo nje ya uwanja niingie katika kazi yangu. Kiswahili cha Kenya kina utajiri wa misemo ya kumtoa mtu kazini. Twasema amefutwa, ameachishwa, amepigwa kalamu, amemwaga unga. Huo wa mwisho una ukatili wake, kwa sababu unamfanya mhasiriwa aonekane kuwa ndiye aliyekosa uangalifu jikoni. Lakini kitenzi kinachonivutia zaidi ni kujiuzulu. Mzizi wake ni uzulu, wenye asili ya Kiarabu, nao maana yake ni kumwondoa mtu katika madaraka. Sisi tumekitia kiambishi cha kujirejea, ji, tukapata mtu anayejiondoa mwenyewe kwa upanga uleule ambao mkubwa wake angeutumia. Tendo ni lile lile. Kilichobadilika ni mtenda. Na mara nyingi, msomaji wangu, mtenda huyo ni wa kisarufi tu. Wangapi tumewaona katika nchi hii wakijiuzulu huku barua imeandikwa na mkono mwingine?

Kwa Clough mkono ulikuwa wake, lakini hakukusudia barua ikubaliwe. Naamini alikuwa akirudia mchezo wa Hartlepools: aliwakazia macho wakubwa akingoja wainamishe vichwa. Safari hii hawakuinamisha. Baadaye alikiri mara kadhaa kwamba kuondoka Derby lilikuwa kosa kubwa. Kwa hiyo watu wa mji walipopiga kelele kwamba kocha wao amefukuzwa, na wakurugenzi wakajibu kwamba amejiuzulu mwenyewe, pande zote mbili zilikuwa zikisema kweli.

Nazo kelele hazikuwa ndogo. Jumamosi iliyofuata Derby ilicheza na Leicester nyumbani. Clough aliingia uwanjani, si kama kocha bali kama mtazamaji, akasimama jukwaani akawapungia mashabiki mikono, uwanja ukalipuka. Mwenyekiti Longson naye alikuwa hapohapo akisikia jinsi mji unavyomtaja. Mashabiki waliunda chama cha kupinga uamuzi huo, wakafanya mikutano, wakaandamana barabarani na mabango. Wachezaji nao waliiandikia bodi barua wakitaka meneja wao arudishwe. Ni nadra kuona katika mchezo huu wanaolipwa kucheza na wanaolipa kutazama wakisema neno moja.

Bodi ilijibu kwa njia ambayo, hata leo, siwezi kuikubali bila ya kuistahi kwa ujanja wake. Haikumleta mgeni. Ilimleta Dave Mackay, nahodha wa zamani wa Clough mwenyewe, mchezaji aliyependwa na mashabiki haohao, ambaye wakati huo alikuwa akifundisha Nottingham Forest. Ungemzomea vipi mtu uliyemshangilia miaka miwili iliyopita? Chama kiliendelea na mikutano yake kwa muda, lakini polepole sauti ilipungua. Clough mwenyewe hakungoja. Kabla ya majani yote ya mapukutiko kuanguka alikuwa amekwisha kukubali kazi Brighton, klabu ya daraja la tatu, alikofungwa mabao manne bila jibu na timu ya ridhaa, kisha manane kwa mawili nyumbani na Bristol Rovers.

Mackay aliingia katika chumba cha wachezaji waliokuwa wakimtaka mtu mwingine. Mwanzoni timu ilisuasua na wachezaji walikuwa na kinyongo, naye akavumilia. Msimu huo Derby ilimaliza ya tatu. Msimu uliofuata, wa 1974/75, ilitwaa tena ubingwa wa Uingereza. Mwaka wa 1976 naye akaondolewa, na hakuna aliyeandamana kwa kiasi kile. Mackay alifariki mwaka wa 2015. Ukiwauliza wapenzi wengi wa kandanda ni nani aliyeipa Derby ubingwa, watakutajia Clough, watanyamaza.

Naikaribia sehemu hii kwa aibu yangu binafsi. Nilipokuwa kidato cha tatu, mwishoni mwa miaka ya tisini, mwalimu mkuu wetu alihamishwa ghafla. Alikuwa mtu wa maneno matamu na mkono mzito, nasi tulimpenda. Hatukuulizwa, wazazi hawakuulizwa. Tuligoma kuingia darasani, tukaandamana hadi barabara kuu, tukavunja vioo vya ofisi ambayo haikuwa imemkosea mtu. Aliyekuja badala yake alikuta vioo hivyo bado viko chini, akavifagia mwenyewe. Kwa muda wa mwaka mzima tulimwamkia pale tu ilipobidi. Alitufundisha hisabati jioni, bila malipo, na matokeo yetu ya kidato cha nne yakawa mazuri kuliko yote ambayo shule ile iliwahi kupata. Siku ya kuchukua cheti changu nilimkuta ofisini, nikatia sahihi, nikatoka. Sikumshukuru. Sasa ni marehemu.

Kijana wa jezi aliniuliza kama basi nilitaka kusema kwamba mashabiki wa Derby walikosea. La. Naamini walikuwa na haki ya kulia na haki ya kuandamana. Klabu isiyo na wanaoililia ni kampuni tu, na wakurugenzi wa Derby walikuwa wakiuza tikiti kwa machozi hayohayo waliyoyapuuza. Nisemalo ni kwamba kilio kilikuwa na haki, na Mackay naye alikuwa na haki, na katika Derby ya mwaka ule haki hizo mbili zilitembea katika barabara moja bila ya kusalimiana.

Turudi kwa Clough. Mwaka wa 1974 alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: alikubali kuiongoza Leeds United, klabu ileile aliyoitukana kwa miaka, baada ya Don Revie kwenda kufundisha timu ya taifa. Taylor alikataa kumfuata. Wachezaji wa Leeds walikuwa mabingwa, tena hawakuwa wamesahau. Alishinda mechi moja tu kati ya sita za kwanza za ligi, na baada ya siku 44 alifutwa kazi. Hapa kitenzi hakina utata wowote: alifutwa, akalipwa fidia nono. Sijapata kusoma popote kwamba kulikuwa na maandamano ya kumtetea katika mitaa ya Leeds.

Januari 1975 aliingia Nottingham Forest, jirani na hasimu wa Derby, timu iliyokuwa ikielea katikati ya daraja la pili. Taylor alijiunga naye mwaka uliofuata. Yaliyotokea baadaye ningeyasimulia kama ngano lau hayangekuwa yameandikwa katika rekodi. Mwaka wa 1977 walipanda daraja, tena kwa taabu, wakiwa wa tatu. Mwaka wa 1978 wakawa mabingwa wa Uingereza. Walicheza mechi 42 za ligi mfululizo bila kushindwa. Mwaka wa 1979 walitwaa Kombe la Ulaya mjini Munich kwa kuishinda Malmö bao moja kwa nunge, na mwaka wa 1980 wakalihifadhi mjini Madrid kwa kuishinda Hamburg kwa idadi hiyohiyo. Katikati ya safari hiyo, mwaka wa 1977, Derby ilikuja kubisha hodi ikimtaka arudi. Alitafakari, akakataa. Miaka mitatu na miezi michache ilikuwa imepita tangu mji uandamane kudai jambo hilohilo, na sasa bodi ilikuwa tayari lakini mwenyewe hakuwa tayari. Mwaka huohuo alihojiwa kwa kazi ya timu ya taifa. Wakubwa wakamchagua Ron Greenwood.

Sitamchora malaika. Alimtendea vibaya Justin Fashanu, mshambulizi mweusi aliyemnunua mwaka wa 1981, akamdhalilisha kwa sababu ya maisha yake ya faragha, jambo alilolijutia akiwa amechelewa. Mwaka wa 1983 alikosana na Taylor kwa sababu ya mchezaji mmoja, wakanuniana hadi Taylor alipofariki mwaka wa 1990, na Clough akabaki na jeraha hilo. Mwaka wa 1989 aliwapiga makofi mashabiki wake walioingia uwanjani baada ya mechi, akatozwa faini. Na pombe ilimla, kila mtu akiona.

Msimu wake wa mwisho, wa 1992/93, Forest ilikuwa ikizama. Alitangaza kustaafu, na Mei 1, 1993, katika mechi yake ya mwisho nyumbani, timu ilifungwa mabao mawili kwa nunge na Sheffield United ikashushwa daraja. Mashabiki walikataa kwenda nyumbani. Walibaki majukwaani wakiliimba jina la mtu ambaye alikuwa ameishusha timu yao mchana huohuo, na wageni kutoka Sheffield wakaimba pamoja nao. Hakufutwa. Alikuwa amekaa miaka kumi na minane.

Clough alifariki dunia Septemba 20, 2004, akiwa na umri wa miaka 69, kwa maradhi ya saratani ya tumbo. Ibada ya kumkumbuka ilipangwa ifanyike katika kanisa kuu la Derby, ikaonekana kwamba watu hawatatosha, ikahamishiwa uwanja mpya wa Derby County. Walikuja zaidi ya elfu kumi na nne, wa jezi nyeupe na wa jezi nyekundu, wakakaa majukwaa yaleyale. Baadaye barabara kuu inayounganisha Nottingham na Derby ilipewa jina lake. Mashabiki wa miji hiyo miwili, wasiopendana hata chembe, hupita humo kila timu zao zinapokutana, nusu yao wakienda kushinda na nusu wakirudi wakimlaumu kocha aliyepo.